Meli ya Dhahabu Iliyopimwa Geita

Mwaka 2011 dunia iliambiwa kwamba tajiri mmoja wa Malaysia amenunua yoti ya dhahabu. Haikuwa yoti ya kuchovya. Ilidaiwa kuwa na tani 100 za dhahabu na platinamu kuanzia chini kwenye mkuku hadi juu ukingoni, na chumba cha kulala chenye ukuta wa kimondo na sanamu iliyotiwa mfupa wa dinosaria. Bei yake ilitajwa kuwa pauni bilioni 3, yapata dola bilioni 4.8 za wakati ule. Magazeti ya Ulaya na Asia yaliipokea habari hiyo na kuichapa na picha zake. Mimi ni sonara wa Geita. Niliisikia kwa mchimbaji wa Nyarugusu aliyekuja kupimiwa mzigo wake, akanionyesha picha kwenye simu na kuniuliza, "Mzee, hii nayo imetoka kwetu?"

Nilichukua kalamu. Mgodi mkubwa wa Geita, ule uliofunguliwa upya mwaka 2000, hutoa takriban wakia laki 5 kwa mwaka, yaani tani 15 na ushee. Kwa tani 100, mgodi huo ungefanya kazi zaidi ya miaka 6 bila kumuuzia mtu mwingine hata gramu moja, yote iende kwenye boti ya mtu mmoja. Tena dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji. Tani 100 zake, zikiyeyushwa, zingejaza simtanki la lita 5,000 na kumwagika kidogo tu, na huo ndio mzigo waliotaka kuubandika kwenye chombo cha urefu wa mita 30. Hesabu ya bei ndiyo iliyonimaliza kabisa. Kwa soko la mwaka ule, madini peke yake yalikaribia dola bilioni 5. Maana yake injini, mbao, vioo na miaka ya ufundi vyote vilitolewa bure. Sonara anayeuza pete kwa bei pungufu ya dhahabu iliyomo, ama amelewa ama pete si yake.

Baadaye kiwanda cha Baia cha Italia kilisema picha zile ni za boti yao ya kawaida, zimechukuliwa na kupakwa rangi ya njano kwenye kompyuta. Hapakuwa na meli. Yule mchimbaji alikuwa ameshaondoka na fedha zake, na sidhani kama aliwahi kujua.

Uongo ule ulinifanya nianze kusoma habari za meli za anasa, jambo la ajabu kidogo kwa mtu aliyezaliwa Shinyanga, mahali ambapo maji ya kutosha kuelea bata huonekana miezi michache ya masika. Nilijifunza kazi mjini Shinyanga miaka ya 1970 kwa fundi wa Kihindi aliyepima kwa tola na kusugua kila kipande kwenye jiwe jeusi kabla ya kukitia tezabu. Alinifundisha kutenga mambo mawili kila niletewapo kitu: madini ni kiasi gani, na ufundi ni kiasi gani. Siku ya kununua, mteja hulipa vyote viwili. Siku ya kuuza, hulipwa madini tu. Kwa kipimo hicho hicho nimezipima meli za wakubwa, na nyingi zimeniangukia mkononi kama bangili ya shaba.

Tuanze na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, kwa sababu utajiri wake ulitoka kwa sehemu kubwa kwenye njia zinazopita huku kwetu. Pembe za ndovu za Unyamwezi na Usukuma zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi, zikavuka hadi Unguja, zikauzwa Bombay na Marekani. Wakati huo soko la Asia lilikuwa muuzaji wa meli za fahari, si mnunuzi. Said aliziagiza India, zikaundwa kwa msaji na mafundi wa Bombay. Al-Sultanah, iliyotoka huko mwaka 1833, ndiyo iliyofika New York mwaka 1840 na karafuu, tende, kahawa na pembe, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Nyingine, Liverpool, ilikuwa manowari ya mizinga 74. Mwaka 1836 Said alimzawadia Mfalme William wa Nne wa Uingereza meli hiyo, nzima nzima. Waingereza wakaibadili jina wakaiita Imaum.

Zawadi ya namna hiyo hairudishwi kwa leso. William akampelekea yoti ya kifalme, Prince Regent, iliyopambwa ndani kwa dhahabu na mito kama ukumbi wa harusi. Said hakuipenda. Alikuwa mtu wa vazi jeupe lisilo na nakshi, na pambo lile lote lilimkalia vibaya machoni. Mwishowe akaipeleka India, akampa Gavana Mkuu wa Waingereza kule Calcutta. Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara nacheka: yoti ya mfalme wa Uingereza imetolewa zawadi kwa Mwarabu wa Unguja, naye akawarudishia Waingereza wenyewe kwa mlango wa nyuma. Ukiniuliza nani alikuwa sonara mzuri kati ya wafalme hawa wawili, nitakuambia ni Said. Aliuona ufundi, akauliza yako wapi madini.

Sasa mashua ambayo Shinyanga yote ingepaswa kuijua.

Novemba 1874 msafara wa mvumbuzi Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo ukiwa na watu 356 na chombo kimoja kilichokatwa vipande. Kiliundwa Teddington, kando ya mto Thames, kwa mbao za mwerezi, urefu wake kama mita 12. Stanley alikipa jina la mchumba wake wa Marekani, Alice Pike, msichana wa miaka 17, binti wa tajiri. Gharama za safari zililipwa na magazeti mawili, moja la London na moja la New York. Kwa hiyo Lady Alice ilikuwa mashua ya mapenzi, na ilikuwa mashua ya matangazo pia, kama zilivyo yoti nyingi hadi leo. Tofauti ni kwamba hii ilipita nchi kavu.

Vipande vilipofika Unguja vilionekana vizito kupita kiasi, ikabidi fundi avigawe upya ili vibebeke. Hata hivyo njia za wapagazi zilikuwa nyembamba, zimekatwa kwa upana wa mtu na mzigo wake, na vipande vya mashua havikupita. Watu walitangulia na mashoka kufyeka vichaka. Waliobeba mashua walichaguliwa kwa kifua na miguu. Walilipwa zaidi ya wenzao, wakapewa posho mara mbili, na wakaruhusiwa kufuatana na wake zao. Hii sikuitarajia. Katika msafara ambao wengine walihesabiwa kwa marobota ya nguo na fundo za shanga, wabeba mashua walikuwa na hadhi yao. Nadhani mtu aliyeinua kipande kile kila alfajiri alijua kwamba bila bega lake mzungu hana safari.

Walipita Ugogo kwenye njaa na mvua, wakapigana Uturu, wakazika wengi, na wengi wakatoroka. Waliposhuka Usukuma mambo yalibadilika. Stanley aliisifu Usiha, nchi iliyo katika Shinyanga ya leo, kwa nyasi zake, ng'ombe wake na wingi wa chakula. Bibi zetu wa huku hawakuwahi kutusimulia kwamba mashua ilipita. Pengine ilipita kama vipande vya mbao tu, na nani angekisia kwamba mbao zile, zikikusanywa, zinaelea? Tarehe 27 Februari 1875 msafara ulifika Kageyi, kwa mtemi Kaduma, ukingoni mwa ziwa. Walikuwa wametembea maili 720 kwa siku 103. Stanley alipohesabu askari na wapagazi wake aliwakuta 166, pungufu ya nusu ya watu aliotoka nao pwani.

Tarehe 8 Machi mashua iliingia majini na kulizunguka Ziwa Victoria kwa muda wa miezi miwili hivi. Wakati iko ziwani, Frederick Barker, kijana Mwingereza aliyeachwa kambini, alikufa na kuzikwa pale pale Kageyi. Baada ya hapo ikabebwa tena, Tanganyika, kisha mto Kongo, hadi mwisho wa Julai 1877 ilipoachwa juu ya mwamba karibu na maporomoko ya Isangila, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuinyanyua tena. Mwenye jina lake alikuwa ameshaolewa na mwanamume mwingine tangu Januari 1876. Stanley aliijua habari hiyo baada ya kufika pwani.

Wanahistoria huitaja Lady Alice kwa ramani iliyochorwa. Mimi naitaja kwa gharama. Hakuna yoti ya Hong Kong wala ya Monaco iliyowahi kulipiwa hivi, kwa mabega na makaburi, halafu ikaachwa juani bila kuuzwa hata msumari.

Pwani nako fahari iliendelea. Seyyid Barghash, mwana wa Said, aliyepoteza meli zake katika kimbunga cha 1872, aliona manowari ya Kiingereza Glasgow ikitia nanga Unguja, akaitamani. Akaagiza ya kwake Scotland, kwa mfano ule ule na jina lile lile, ikakamilika mwaka 1878. Ilipofika hakuvutiwa nayo. Ikakaa bandarini, ikipigwa rangi na kupigisha mizinga ya salamu siku za sherehe, hadi asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipoizamisha katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji mbele ya mji kwa miaka kadhaa.

Ukoo wa Al Busaid, wa akina Said na Barghash, haukuacha mapenzi hayo. Marehemu Sultan Qaboos wa Oman aliundiwa Ujerumani yoti ya mita 155, Al Said, yenye ukumbi wa kutosha okestra ya watu 50. Na Oktoba 2017 meli nyingine ya kifalme ya Oman, Fulk Al Salamah, ilitia nanga Unguja na Dar es Salaam kwa ziara ya urafiki. Wazee wa Forodhani walikwenda kuitazama. Wengine walikuwa na jamaa ndani.

Huku bara fahari yetu ilikuwa ndogo kiasi cha kuingia kwenye kiganja. Machi 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliipata almasi ya Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga. Mwaka 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5, akampa Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake. Lilipokatwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Mwaka huo huo Elizabeth aliizindua Britannia, yoti ya kifalme. Mwaka 1956 mdogo wake, Margaret, alizuru Afrika Mashariki akiitumia yoti hiyo baharini, na Mwadui akafika. Wazee waliofanya kazi mgodini waliikumbuka ziara ile kwa jinsi barabara zilivyofagiliwa na miti ilivyopakwa chokaa. Britannia ilistaafishwa mwaka 1997, na sasa iko Leith, watu wanalipa kiingilio kuitazama. Ile bruchi ilivaliwa na mwenyewe kwa karibu miaka 70.

Mwishoni mwa 2021 Mwadui walitoa tena jiwe la waridi, karati 32.32, likauzwa ghafi kwa dola milioni 13.8. Oktoba 2022, katika mnada wa Sotheby's Hong Kong, almasi ya waridi iliyokatwa, ya karati 11.15, iliyopewa jina la Williamson Pink Star, ilinunuliwa kwa dola milioni 57.7. Karati 11.15 ni gramu 2.23. Ingekaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Siku ile wauza vito wa Shinyanga na Geita walipigiana simu hadi usiku.

Ishikeni bei hiyo, kwa sababu inatupeleka kwenye meli nyingine iliyouzwa Asia, na hii si ya uongo.

Katika miaka ya 2010 fedha za Asia ziliingia kwenye biashara ya yoti kwa kishindo. Kampuni ya Weichai ya China, waunda injini, ikachukua hisa nyingi za Ferretti ya Italia mwaka 2012. Mwaka uliofuata Wanda, pia ya China, ikanunua Sunseeker ya Uingereza. Hong Kong na Singapore zikawa mahali pa maonyesho, na madalali wakazungumza habari za wateja wapya kama huku tulivyozungumza habari za mkondo mpya wa dhahabu. Ndipo ikaja Equanimity. Iliundwa Uholanzi na Oceanco, ikakabidhiwa mwaka 2014, urefu wake mita 91.5, gharama yake dola milioni 250, ndani ina bwawa la kuogelea, nyumba ya mvuke, mahali pa kutua helikopta na mapambo ya jani la dhahabu. Vyumba vya wageni 26. Wapelelezi wa Marekani walisema ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Malaysia, Jho Low, kwa fedha zilizochotwa kwenye mfuko wa umma wa nchi yake, 1MDB. Februari 2018 ilikamatwa Bali, Indonesia. Agosti ikapelekwa Port Klang, Malaysia, na serikali ikawa na meli ya anasa ya kulisha kila siku: mabaharia, mafuta, bima, mafundi wa kuikwangua. Ikapigwa mnada. Aprili 2019 kampuni ya Genting, wenye hoteli na kasino, wakaichukua kwa dola milioni 126.

Kutoka 250 hadi 126 kwa miaka 5! Mkufu wa karati 22 niliouuza mwaka 2014, mwenyewe akinirudishia leo, nitampa fedha nyingi kuliko alizonilipa. Tena linganisha na Hong Kong: mawe mawili kama lile la waridi, gramu 4 na nusu kwa jumla, yanakaribia bei ya meli hiyo pamoja na bwawa lake na mahali pake pa kutua helikopta. Madalali wa yoti hawapendi hesabu hii. Watakuambia mtu hanunui yoti ili aweke akiba, ananunua raha, na hapo wanasema kweli. Said aliliona hilo bila dalali.

Kuna kulinganisha kwingine ambako naona vijana wa Geita hawakufanyi. Jijini Mwanza, kwenye bandari ya Kusini, Wakorea na Watanzania wameunda MV Mwanza Hapa Kazi Tu. Iliteremshwa majini Februari 2023. Urefu wake ni mita 92.6. Hebu isome tena namba hiyo: imeizidi Equanimity kwa zaidi ya mita moja. Lakini imeundwa kwa ajili ya abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari. Pale wanapolala wageni 26 wa tajiri, huku wanapangwa wauza dagaa, wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda hospitali ya Bugando na mama mwenye mkungu wa ndizi za Bukoba. Malori yaendayo Mwanza kutoka bandari ya Dar es Salaam hupita Tinde na Shinyanga mjini, kandokando ya nchi ile ile ya Usiha. Tofauti na siku za Lady Alice, safari hii hakuna bega la mtu lililolala chini ya chuma.

Meli hiyo ya Mwanza nayo ina daraja la juu, msidhani haina. Hata MV Victoria, iliyokuja kwa vipande kutoka Glasgow na kuanza kazi mwaka 1961, ilikuwa na vyumba vya daraja la kwanza vyenye mbao zilizong'arishwa. Nilipokwenda Bukoba kijana nilivichungulia dirishani, nikiwa na tiketi ya daraja la tatu, nikalala juu ya magunia. Miaka ile hiyo ndiyo ilikuwa yoti yetu, na watu wa kanda ya ziwa waliiringia. Ilisimama miaka mingi, ikakarabatiwa, na tangu 2020 imerudi ziwani.

Basi wachimbaji wanaponionyesha tena kwenye simu boti za Singapore zenye bei ya kutisha na kuuliza kama gramu zao zitafika huko, jibu langu ni hili. Boti hizo zipo, si kama ile ya dhahabu, na mtu wa Geita akitajirika vya kutosha hakuna atakayemkataza. Ila ajue ananunua ufundi mtupu, na ufundi haurudishwi kwenye kalibu. Mwenye mzigo wa kweli, soko la madini la Geita liko wazi tangu Machi 2019: aupeleke, upimwe mbele yake, achukue risiti. Mwenye hamu ya kusafiri kwa meli aende Mwanza, akate tiketi ya Bukoba, na kama mfuko unaruhusu, achukue daraja la kwanza.